Je, Miraa ni Halali kwa Sababu Hailevi?

Ndugu mmoja aliyeingia katika Islam si zamani, mkaaji wa mji mmoja wa pwani ya Kenya, ametuandikia barua. Anaeleza kwamba kabla ya kusilimu alikuwa mnywaji wa pombe, na kwamba kuiacha pombe ndilo jambo la kwanza alilolifanya baada ya kutamka shahada. Lakini amekuta kwamba baadhi ya jirani zake Waislamu, watu wasiogusa pombe hata tone, huketi barazani tangu alasiri mpaka usiku wa manane wakitafuna miraa. Walimkaribisha, wakamwambia: "Hii haina neno. Hii si pombe, ni majani tu, na masheikh wa zamani waliitumia wapate kukesha kwa ibada." Naye akaketi. Sasa umepita mwaka mmoja na nusu.

Anatuuliza, je, miraa ni halali? Je, ina madhara ya kweli au ni maneno ya watu? Na shemeji yake, ambaye ni muuzaji, anamtaka aweke akiba yake katika biashara hiyo; je, akubali? Kisha, kama mtu anayetaja jambo dogo, ameandika mwishoni: "Mke wangu husema ilikuwa afadhali wakati wa pombe, maana angalau nilikuwa nikirudi nyumbani na kulala."

Wasomaji wapendwa, tumeona tuijibu barua hii hapa gazetini, kwa kuwa tunajua kwamba wengi wana swali hilohilo bali huona haya kuliuliza. Na tunakiri kwamba yale maneno ya mwisho, ya mke wake, ndiyo yaliyotufanya tusikawie.

Miraa ni nini?

Miraa ni mti usiopukutisha majani, umeao katika nyanda za juu za Afrika ya Mashariki, Uhabeshi na Yemen. Kenya huitwa miraa, Tanzania mirungi, Waganda husema mairungi, Wasomali qaad, Wahabeshi chat, na Waarabu wa Yemen qat. Kwa lugha ya wataalamu wa mimea huitwa Catha edulis, jina alilolitoa Peter Forsskål, mtaalamu aliyefika Yemen pamoja na msafara wa mfalme wa Denmark akafia huko mwaka 1763. Maandishi yake yalichapishwa mwaka 1775 na mwenzake Carsten Niebuhr, ambaye peke yake katika msafara ule ndiye aliyerudi kwao akiwa hai.

Nguvu yote ya mti huu imo katika majani machanga na maganda ya vijiti vyake. Mwaka 1975 wataalamu wa maabara ya Umoja wa Mataifa waliitenga ile dawa hasa iliyomo ndani yake, wakaiita kathinoni. Kabla ya hapo, tangu mwaka 1930, ilikuwa ikijulikana nyingine iliyo dhaifu zaidi, iitwayo kathini. Kathinoni ni ndugu wa karibu wa amfetamini, zile dawa ambazo madaktari huzitoa kwa hadhari kubwa. Nayo ina tabia moja ya ajabu: jani likianza kukauka, kathinoni hugeuka ikawa kathini, na baada ya siku mbili hivi nguvu yake kubwa imekwisha. Hii ndiyo sababu miraa hufungwa kwa majani ya mgomba ili isinyauke, na ndiyo sababu magari yake hutoka Maua, katika milima ya Nyambene, yakikimbia kuelekea Nairobi kama yanayofukuzwa. Mfanyabiashara wa mahindi anaweza kungoja bei ipande; wa miraa hawezi kungoja hata kesho kutwa.

Muguka, ambayo imeenea sana pwani miaka hii, ni mti huohuo. Hutoka upande wa Embu, hasa Mbeere, na tofauti ni kwamba hutafunwa majani yake laini badala ya vijiti, na bei yake ni nafuu. Kwa hiyo mtu asidanganywe kwamba ameacha miraa akaingia katika kitu kingine.

Hoja ya masheikh wa zamani

Jirani za ndugu yetu hawakusema uongo mtupu. Ni kweli kwamba miraa ina historia ndefu miongoni mwa Waislamu. Habari za vita vya Amda Seyon, mfalme wa Uhabeshi wa karne ya 14, zinamtaja Sabr ad-Din, mtawala Mwislamu wa Ifat, aliyejigamba kwamba atakapoushinda mji wa mfalme atapanda chat humo, kwa kuwa Waislamu waipenda. Ni kweli pia kwamba masufi wa Yemen na Harar waliitafuna wapate kukaa macho katika nyiradi zao za usiku.

Lakini habari ina upande wa pili, ambao barazani hausimuliwi. Katika karne ya 16 wanazuoni wa Yemen walihitilafiana sana juu ya majani haya, wengine wakiyahalalisha na wengine wakiyaharamisha. Wakampelekea swali lao Ibn Hajar al-Haytami, mwanachuoni mkubwa wa madhehebu ya Shafii aliyekuwa akikaa Makka, akafa huko mwaka 974 wa Hijra. Yeye akatunga kitabu kizima cha kuwatahadharisha watu na qat. Alieleza kwamba alikuta watu waaminifu wakimpa habari zinazopingana: huyu asema inachangamsha na haina dhara, yule asema imemharibu. Kwa hiyo hakuthubutu kukata shauri kwamba ni haramu moja kwa moja, lakini alishauri kwamba mcha Mungu ajiepushe nayo, kwa kuwa ni jambo la shaka.

Tazameni basi! Watu wa Shafii, na pwani yetu karibu yote ni ya Shafii, humtegemea Ibn Hajar katika mambo mengi ya sala na mirathi. Likifika jambo la miraa humsahau. Na Ibn Hajar alikuwa na udhuru ambao sisi hatunao. Yeye alikuwa na maneno ya mashahidi tu. Sisi tuna hospitali na vipimo.

Madhara yake mwilini

Hapa yapasa kusema kwa insafu, kwa maana wako waandishi wanaozidisha mpaka msomaji akakosa kuwaamini. Miraa si afyuni wala heroini. Mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani liliitaja kuwa ni kitu kinachoweza kumfanya mtu aitegemee kwa nafsi yake, kwa kiasi kidogo au cha wastani. Mwaka 2006 kamati ya wataalamu wa shirika hilo ilisema kwamba hatari ya utegemezi wake ni ndogo, haitoshi kuitia miraa yenyewe chini ya mikataba ya kimataifa. Lakini kathinoni, ikitengwa peke yake, imo katika orodha kali kabisa ya mkataba wa mwaka 1971. Anayetafuna kitita kimoja harusini hafi kwa hilo. Maneno yetu yanamhusu yule anayetafuna kila siku, au siku nyingi za juma, kama ndugu yetu aliyetuandikia.

Mtu akianza kutafuna, shinikizo la damu hupanda na moyo hupiga mbio. Kwa kijana mwenye afya huenda asihisi lolote. Kwa mtu wa makamo, hasa mwenye shinikizo la damu asilolijua, ni jambo jingine. Huko Yemen madaktari waliwalinganisha wagonjwa 100 waliopatwa na shambulio la moyo na watu wengine 100 wasiopatwa, wakatoa matokeo yao mwaka 2005: watafunaji walikuwa katika hatari kubwa zaidi, na wale wa kutafuna sana walizidi mno. Na hapo awali, mwaka 2002, ilikwisha kuonekana kwamba mashambulio ya moyo ya watafunaji huja sana tangu alasiri mpaka usiku, nazo ndizo saa za baraza, ilhali kwa watu wengine huja zaidi asubuhi.

Hamu ya chakula hupotea. Mtafunaji huiona hiyo kuwa faida, kwa kuwa hahisi njaa, lakini mwili haukushiba, umedanganywa tu. Maji makali yaliyomo katika majani, yaani tanini, hufunga choo, na kufunga choo kwa miaka huleta bawasiri. Tumbo huchomeka. Fizi na utando wa kinywa hudhurika upande ule yanapowekwa majani, na sukari ya soda na chingamu za kuondoa uchungu huyamaliza meno. Wanaume wengine hupata taabu ya kukojoa. Wanawake wajawazito wanaotafuna huweza kuzaa watoto wenye uzito mdogo. Tena majani hayo aghalabu hayaoshwi, na dawa za kuulia wadudu zilizonyunyizwa shambani huingia kinywani pamoja nayo.

Iko habari nyingine ambayo wachache waijua. Mtu anayemeza dawa ya ampisilini huku akitafuna miraa hupoteza sehemu ya dawa ile, kwa sababu tumbo haliifyonzi sawasawa. Basi mgonjwa hushangaa kuwa haponi, akamlaumu daktari.

Ama kuhusu akili, mpangilio wake unajulikana na kila aliyewahi kuketi pale. Saa mbili za kwanza ni za furaha. Maneno ni mengi, kila mtu ni mwerevu, majumba hujengwa na biashara hufunguliwa, na mashauri ya dunia nzima hukatwa juu ya jamvi moja. Hali hii vijana wa pwani huiita handasi. Kisha maneno hupungua. Kila mtu huangalia mbele yake. Huja huzuni isiyo na sababu, na wepesi wa kukasirika. Usiku usingizi hauji, na asubuhi mwili hautaki kuamka, na dawa ya pekee anayoijua ni kungoja alasiri nyingine. Majumba yale yote hayakujengwa. Na wako wachache, hasa wanaotafuna kupita kiasi au walio na udhaifu wa akili tangu mwanzo, ambao huanza kusikia sauti na kudhani kwamba watu wanawafuata. Hao yafaa wapelekwe hospitali, wala wasizungushwe kwa waganga kutolewa majini.

Madhara yake nyumbani

Sasa turudi kwa yule mke. Kwa nini amesema kwamba pombe ilikuwa afadhali? Bila shaka hakukusudia kuisifu pombe. Yeye anasema habari ya saa. Mlevi huchukua fedha, na aghalabu huleta ugomvi. Mtafunaji huchukua fedha na huchukua saa. Miraa haitafunwi kwa dakika kumi. Ni kazi ya saa nne, tano, sita, kila siku, na saa hizo ni zilezile ambazo mtoto amerudi shuleni, chakula kiko jikoni, na baba anahitajiwa. Mwandishi wa makala hii alipata kuwa jirani na mtafunaji mmoja, mtu mpole asiyempiga mkewe wala kumtukana mtu. Mtoto wake wa miaka mitano alikuwa akitumwa kila jioni barazani kumwuliza baba fedha ya mafuta ya taa. Baba alimjibu kwa upole kila mara, "Nakuja, mwanangu." Mtoto alikuwa akisimama pale kidogo, kisha anarudi gizani peke yake. Hakuna aliyeleweshwa na chochote katika kisa hiki.

Kwa nchi nzima mambo ni hayohayo kwa ukubwa wake. Katika bonde la San'aa, mji mkuu wa Yemen, ambako qat humwagiliwa kwa maji ya visima, imebidi visima vichimbwe kwenda chini mamia ya mita, na wakulima waling'oa mizabibu na mibuni, ile kahawa iliyoipa bandari ya Mokha jina lake duniani, wakapanda qat kwa sababu inalipa upesi. Serikali zimejaribu. Waingereza waliipiga marufuku huko Aden mwaka 1957, wakaiachilia mwaka uliofuata. Mwaka 1977 Yemen ya Kusini iliruhusu itafunwe siku za mapumziko tu. Siad Barre aliipiga marufuku Somalia mwaka 1983. Hakuna aliyefaulu kwa amri peke yake.

Hukumu ya dini

Wanaosema kwamba miraa ni halali huegemea neno moja: hailevi. Tuliangalie neno hilo.

Kwanza, Kurani Tukufu ilipoharamisha pombe na kamari katika sura ya Al-Maida haikutaja kupepesuka kwa miguu. Ilitaja sababu, nayo ni kwamba mambo hayo huleta uadui kati ya watu na huwazuilia kumkumbuka Mwenyezi Mungu na kusali. Kamari haimlevyi mtu hata kidogo, nayo imewekwa pamoja na pombe. Basi mwenye kutafuna ajiulize mwenyewe: magharibi huadhiniwa akiwa wapi? Isha je? Na alfajiri, baada ya kukesha mpaka saa tisa, huiamkia nani? Wale masufi walitafuna, kwa madai yao, wapate kusali usiku. Hawa wetu hutafuna na kuilalia sala ya faradhi. Katika mwezi wa Ramadhani ndipo ajabu inapozidi: mtu hufuturu, hutafuna mpaka daku, kisha hulala mchana kutwa, akahesabu kwamba amefunga.

Pili, katika sura ya Al-Baqara Mwenyezi Mungu hakukanusha kwamba pombe na kamari zina manufaa fulani. Ametufundisha kupima: dhambi yake ni kubwa kuliko nafuu yake. Kwa hiyo hoja ya kwamba miraa inachangamsha, au inamsaidia dereva wa usiku, haimalizi neno. Tia katika mizani nyingine usingizi, fedha, moyo, mke na mtoto, kisha uone.

Tatu, imepokewa katika kitabu cha Abu Daud kwamba Mtume Mtukufu s.a.w. alikataza kileweshacho na pia kile kinachomfanya mtu alegee. Watafunaji hujibu kwamba miraa haimlegezi mtu, humtia nguvu. Ni kweli, mpaka saa mbili ziishe. Aliyemwona mtafunaji saa nne asubuhi ya pili yake hawezi kubishana juu ya kulegea.

Hatusemi kwamba kila aliyewahi kutafuna kijiti ni sawa na mlevi, wala hatumtoi mtu katika dini kwa majani. Wanazuoni wamehitilafiana na hitilafu hiyo ipo. Lakini kwa yule ambaye imemshika kila siku, ikamkatia sala na kumnyima mkewe haki yake, hatuoni njia ya kuiita halali. Na kwa yule ambaye haijamshika, shauri la Ibn Hajar linamtosha.

Iko pia amri ya sheria ya nchi, ambayo Mwislamu analazimika kuitii. Tanzania mirungi imo miongoni mwa dawa za kulevya zinazokatazwa na sheria ya mwaka 2015. Kenya, kinyume chake, ni zao linalotambuliwa na serikali. Mtu akivuka kutoka Taveta kwenda Holili na kitita mkononi, ameondoka mkulima akafika mhalifu! Uholanzi iliikataza mwaka 2013, na Uingereza tarehe 24 Juni 2014, ingawa baraza lake la ushauri lilikuwa limependekeza isikatazwe. Mwezi wa Mei 2024 Mombasa na Kilifi zilikataza muguka kuingizwa na kuuzwa, na Mahakama Kuu ya Embu ikazisimamisha amri hizo baada ya siku chache. Mabishano yale yalionyesha jinsi wazazi wa pwani walivyochoka.

Biashara ya shemeji

Juu ya swali la tatu hatutaki kuwadharau wakulima wa Igembe na Tigania. Kwao mti huu ni urithi. Posa haipelekwi bila kifungu cha miraa, wazee wa Njuri Ncheke huiheshimu, na shule nyingi zimelipiwa karo kwa vijiti hivyo. Somalia ilipofunga mlango wake Machi 2020 mpaka Julai 2022, familia nyingi ziliteseka. Anayewashauri wang'oe miti na asiwaonyeshe zao jingine la kuwalisha hajawasaidia.

Lakini ndugu yetu si mkulima wa Igembe. Yeye ana akiba na anaweza kuiweka popote. Anajua kwa mwili wake mwenyewe kitu hiki hufanya nini, na wateja wake watakuwa ni wale jirani zake wa barazani na watoto wao. Amwambie shemeji, kwa adabu, kwamba fedha hizo ana haja nazo nyumbani. Kwa habari tuliyonayo katika barua yake, hilo halitakuwa uongo.

Ama jinsi ya kuiacha, apate moyo, kwa kuwa miraa haimfungi mtu kama afyuni. Siku za kwanza atalala mno, atakuwa mzito na mwenye huzuni, ataota ndoto mbaya, na mikono huenda ikatetemeka kidogo. Hali hiyo hupungua baada ya siku chache, na kwa wengi ndani ya juma moja au mawili. Kama huzuni itazidi, aende kwa daktari na amweleze ukweli wote. Kazi ngumu ni saa za alasiri, wakati miguu inapojua njia ya baraza bila kuulizwa. Basi aanze kesho kwa kuisali alasiri msikitini pamoja na jamaa, na akitoka asipite njia ile. Apite sokoni, anunue mafuta ya taa, na afike nyumbani kabla ya magharibi.